"Google imesema": kinachotokea mwanafunzi anapotafuta jambo mtandaoni

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa Kidato cha Tatu aliniletea kazi yake ya utafiti, kurasa mbili zilizochapwa kwenye steshenari moja ya Mwanga, hapa Kigoma. Swali alilichagua mwenyewe, na lilikuwa swali zuri: kwa nini dagaa wanapungua Ziwa Tanganyika? Kwao ni Kibirizi. Babu yake amevua tangu ujana, na katika nyumba ile dagaa ndiyo ada, ndiyo sare, ndiyo nauli.

Nilisoma nikifurahi mpaka nilipofika aya ya pili. Hapo alikuwa ameandika kwamba dagaa wamemalizwa na sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, na kwamba magugumaji yameziba mialo.

"Mwanangu, sangara gani huyu aliyepandikizwa kwetu?"

"Mwalimu, Google imesema."

Sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 ni wa Ziwa Victoria. Magugumaji yaliyosumbua watu kiasi cha kutangazwa kila mwaka ni ya Ziwa Victoria. Huku kwetu ndugu zake sangara wapo, tena mgebuka ni mmoja wao, lakini hakuna aliyewaleta. Ni samaki wa ziwa hili tangu asili. Hata dagaa wenyewe si wamoja. Dagaa wa Mwanza na dagaa wa Kigoma wanafanana kwenye sufuria tu, kwa ukoo ni mbali.

Binti yule hakudanganya, wala hakuwa mvivu. Alikaa saa nzima mbele ya kompyuta, akalipia saa hiyo, akanakili kwa uaminifu alichokiona. Kilichomponza ni lile neno "imesema". Nimelisikia kwenye vikao vya wazazi, kwa vijana wa bodaboda wakibishana kuhusu mpira, na ofisini kwetu walimu. Siku hizi limepata mdogo wake: "AI imesema." Tunaongea kana kwamba kuna mzee mmoja ameketi mahali, anajua yote, nasi tunamwendea kwa swali. Mzee huyo hayupo. Naomba nieleze kilichopo, kwa sababu mtoto hawezi kufundishwa kutafuta kabla hajajua anamtuma nani.

Reli, mizigo na karani

Maneno manne huchanganywa kila siku: intaneti, wavuti, kivinjari na injini ya utafutaji. Kwa watu wa Kigoma mfano rahisi ni reli, ambayo imekuwa hapa tangu 1914.

Intaneti ndiyo reli yenyewe: nyaya, minara na mitambo inayounganisha kompyuta za dunia nzima. Kanuni za mawasiliano ambazo mitambo hiyo inazifuata hadi leo zilianza kazi rasmi Januari 1, 1983. Wavuti ni aina moja tu ya mizigo inayopita juu ya reli hiyo, yaani kurasa zilizounganishwa kwa viungo, na ilipendekezwa mwaka 1989 na Tim Berners-Lee akiwa mtumishi wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva. Barua pepe na WhatsApp ni mizigo mingine, inapita juu ya reli ileile, ndiyo maana yale mnayoandikiana kwenye kundi la familia huyakuti ukiyatafuta Google. Kivinjari, kama Chrome au Firefox, ni dirisha unalochungulia mizigo. Na injini ya utafutaji, kama Google au Bing, ni karani wa stesheni mwenye daftari.

Karani huyo ndiye wa kumjua vizuri. Hajalima mahindi yaliyomo kwenye gunia, hajayapika, na hajui kama chini ya gunia kuna mchanga. Anajua gunia lipo behewa gani, basi.

Daftari lake linajazwaje? Injini ina programu zinazozunguka usiku na mchana kutoka kiungo hadi kiungo, zikisoma kila ukurasa zinaoruhusiwa kuusoma na kuandika: neno hili lipo hapa, na hapa, na pale. Ni kazi ileile ya faharasa iliyo nyuma ya kitabu cha kiada, ila ya mabilioni ya kurasa. Kwa hiyo ukibonyeza kutafuta, Google haikimbii duniani kukuulizia. Inafungua daftari lake.

Hapo pana jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Kisichoandikwa kwenye daftari, kwa karani hakipo. Ukurasa unaodai nywila haupo. Faili lililofungwa kwenye kabati la ofisi ya kata halipo. Anachokijua babu wa Kibirizi kuhusu pepo za ziwa hakipo, mpaka mtu akiandike na kukiweka wazi. Mtoto akisema "nimetafuta, hakuna kitu", maana yake sahihi ni kwamba hakuna kitu kwenye daftari kwa maneno aliyoyatumia. Hilo ni dogo sana kuliko "hakuna kitu".

Kwa nini cha kwanza kikawa cha kwanza

Maneno yanaweza kupatikana kwenye kurasa milioni moja. Karani atatoa ipi kwanza? Larry Page na Sergey Brin, walipokuwa wanafunzi Chuo Kikuu cha Stanford, walilijibu swali hilo kwa wazo ambalo mwaka 1998 lilizaa kampuni ya Google: kiungo ni pendekezo. Ukurasa fulani ukiweka kiungo cha kwenda ukurasa mwingine, ni kama umesema "nenda kwa yule". Na pendekezo la anayependekezwa na wengi lina uzito kuliko la asiyejulikana.

Ndivyo tunavyompata fundi cherehani kabla ya Idi. Unauliza watu watatu, wawili wanamtaja mmoja, na mama aliyevaa vizuri kuliko wote harusini naye anamtaja huyohuyo. Unaenda. Njia nzuri, mara nyingi inafaa. Lakini wote waliomsifu walishonewa suruali, na wewe unataka gauni.

Leo injini hupima mambo mengi zaidi ya viungo: lugha unayoandika, mahali ulipo, upya wa ukurasa, na mengine ambayo kampuni haziyatangazi. Ndiyo sababu wanafunzi wawili wakiandika maneno yaleyale, mmoja Kasulu na mwingine Dar es Salaam, wanaweza kupewa orodha tofauti. Juu kabisa mara nyingi pana matangazo yaliyolipiwa, na kinachoyatofautisha na mengine ni neno dogo tu pembeni. Wafundisheni watoto kulitafuta neno hilo kabla ya kubonyeza chochote.

Kwa hiyo imani kwamba "cha kwanza ndicho cha kweli" inachanganya vitu viwili. Cha kwanza ni kile ambacho hesabu za injini zimekiona kinalingana na maneno yako na kinapendwa na wengi. Ukweli haumo kwenye hesabu hiyo, kwa sababu hakuna mashine inayoweza kwenda ziwani kuhakiki. Binti wa Kibirizi aliandika "sababu za kupungua kwa dagaa". Ziwa Victoria lina watu wengi zaidi pembezoni na limeandikwa zaidi, kwa hiyo dagaa wa huko wakaja mbele. Karani alifanya kazi yake sawasawa. Aliombwa dagaa, akatoa dagaa.

Penseli kabla ya kompyuta

Nilimketisha Jumamosi, kompyuta ikiwa imezimwa. Nilimpa karatasi na penseli, nikamuuliza: "Nani anaweza kuwa ameandika kuhusu jambo hili, na yeye angetumia maneno gani?"

Kama mwalimu ana nafasi ya kufundisha kitu kimoja tu kuhusu kutafuta mtandaoni, namsihi afundishe hicho. Watoto wetu, na sisi pia, tunaandika maneno ya anayeuliza. Injini inalinganisha na maneno ya aliyejibu. Mama akifika zahanati husema "mtoto anachemka". Kwenye kadi nesi anaandika "homa". Ukitaka kuipata kadi ile, tafuta homa.

Tukagawa karatasi mafungu manne. Fungu la kwanza aliliandika haraka, ni maneno ya babu: dagaa, migebuka, taa, giza na mbalamwezi, kufunga ziwa. La pili, maneno ya serikali, lilihitaji kufikiri kidogo: rasilimali za uvuvi, mazao ya uvuvi, kupumzisha ziwa. La tatu ni majirani, maana ziwa hili ni la nchi nne: Burundi wanasema ndagala, Zambia wanasema kapenta. La nne ni la wanasayansi, na hapo alikwama. Nikamwambia kila samaki ana jina moja la kitaalamu lisilobadilika kwa kuvuka mpaka. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Mgebuka ni Lates stappersii. Dagaa wa Ziwa Victoria ni Rastrineobola argentea. Aliyaandika taratibu, akiyatamka chini kwa chini, kisha akanyanyua uso: "Kumbe ni samaki tofauti kabisa." Kosa lote la ile aya ya pili lilifutika pale, kabla hatujawasha umeme.

Kila neno huja na majani yake, nalo hilo mtoto alijue. Ukitafuta kapenta utaletewa Ziwa Kariba, kwa sababu mmoja wa dagaa wetu alihamishiwa huko miaka ya 1960 na akashika. Neno si baya. Ni la kutumiwa ukijua linavuta nini.

Tulipowasha kompyuta tulitumia alama nne tu. Zinafanya kazi Google, na nyingi ya injini nyingine zinazielewa. Alama za kunukuu huiambia injini isiyatenganishe maneno: "Ziwa Tanganyika" ndani ya alama hizo italeta kurasa zenye maneno hayo mawili yakifuatana. Alama ya kutoa, ikigusana na neno bila nafasi, huondoa: dagaa -Victoria. Neno site: likifuatwa bila nafasi na anwani hubana utafutaji kwenye tovuti za aina fulani, hivyo uvuvi Tanganyika site:go.tz huleta zile za serikali ya Tanzania peke yake. Na filetype:pdf huleta nyaraka nzima badala ya kurasa fupi, mara nyingi ripoti. Wapo wanaofundisha alama ishirini. Sijaona mtoto aliyezikumbuka baada ya wiki moja. Nne zinatosha, na mbili za mwanzo ndizo atakazozitumia maisha yake yote.

Kwa site:go.tz alipata habari za kufungwa kwa shughuli za uvuvi ziwani kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, jambo ambalo nyumbani kwao walilijua kwa njaa yake lakini yeye hakuwa ameona sababu zake zikiandikwa. Kwa jina la kitaalamu, kupitia Google Scholar, ile injini ya maandiko ya kitaaluma iliyoanzishwa mwaka 2004, mlango ukafunguka kabisa. Kulikuwa na utafiti wa 2003 uliochapishwa kwenye jarida la Nature, ukiongozwa na Catherine O'Reilly, unaosema kuwa joto la ziwa limepanda na chakula cha msingi cha samaki huenda kimepungua kwa takriban asilimia 20, jambo linaloweza kumaanisha samaki pungufu kwa karibu asilimia 30.

Aliniuliza joto linamnyimaje dagaa chakula. Ziwa lina kina cha mita 1,470 hivi, na virutubisho vingi vimelala chini. Upepo ndio unaoyakoroga maji na kuvipandisha juu, kwenye mwanga, ambako mimea midogomidogo ya kijani hukua na kuliwa na vijidudu, na vijidudu kuliwa na dagaa. Maji ya juu yakipata joto zaidi huwa mepesi, yanakaa juu kama mawese juu ya mchuzi, na kuyakoroga kunakuwa kazi ngumu. Alielewa kabla sijamaliza kusema mawese.

Utafiti mwingine, wa 2016, ulioongozwa na Andrew Cohen, ulichimba tope la chini ya ziwa na kuona kwamba kupungua kulianza kabla uvuvi wa kibiashara haujashika kasi. Wapo wataalamu wanaoweka uzito zaidi kwenye nyavu, taa na idadi ya wavuvi. Nilimwambia asimtafute wa kumshinda mwenzake, aandike wote wanasema nini na kila mmoja alipima nini.

Huenda mtu akasema: haya yote ni Kiingereza. Mengi, ndiyo, na ni kweli mwanafunzi wa sayansi lazima apige hodi kwenye mlango huo. Lakini si kweli kwamba Kiswahili hakina kitu mtandaoni. Taarifa Rasmi za Bunge zipo, ukurasa kwa ukurasa, na wabunge wa ziwani wanauliza mambo haya haya kwa Kiswahili. Hotuba za bajeti za wizara zipo. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003. Mtoto aanze na lugha anayofikiria, apate picha ya jumla na majina, kisha avuke.

Muulize jirani wa muuzaji

Tukipata ukurasa, tutajuaje kama ni wa kuaminiwa? Shuleni tumezoea kufundisha kukagua ukurasa wenyewe: una nembo, una jina la mwandishi, anwani inaishia na .org, hauna makosa ya tahajia. Siku hizi mjanja yeyote anatimiza yote hayo kwa nusu siku. Anwani ya .org inauzwa kwa yeyote mwenye fedha za kuilipia.

Mama anayenunua dagaa sokoni ana njia bora. Anaingiza mkono katikati ya fungu kusikia kama kuna mchanga, na kwa hilo anajua kama walianikwa chini au kwenye chanja. Lakini kama muuzaji hamjui, hamwulizi yeye mwenyewe kama ni mkweli. Anasogea meza ya pili, anauliza kwa sauti ya chini.

Watafiti wa Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliliona jambo hilohilo mwaka 2017 walipowapa watu 45 tovuti za kukagua: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki 10 wa ukweli wa habari, na wanafunzi 25 wa chuo chao. Wanahistoria na wanafunzi walibaki ndani ya ukurasa, wakausoma juu mpaka chini, na mara nyingi walihadaiwa na nembo na majina makubwa. Wahakiki walikaa pale sekunde chache tu, wakafungua vichupo vipya na kutafuta wengine wanasema nini kuhusu wenye tovuti ile. Wakafika kwenye ukweli haraka zaidi. Nawaza sana kuhusu matokeo hayo: watu waliosoma miaka yote ile walizidiwa na waliokuwa na tabia ya kumwuliza jirani.

Anwani za go.tz na ac.tz zina nafuu, kwa sababu haziuzwi kwa kila mtu. Ya kwanza ni ya taasisi za serikali, ya pili ni ya vyuo. Hata hapo mtoto aangalie tarehe. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,127,930 mkoa wa Kigoma, na ya 2022 ikahesabu 2,470,967. Nyaraka zote mbili ni za serikali, zote ni sahihi kwa mwaka wake, na anayechukua ya kwanza kuiona anaweza kupoteza watu zaidi ya 340,000.

Kuhusu Wikipedia, baadhi ya walimu wanaikataza kabisa na wanafunzi wanaisoma kwa kujificha. Naona ni hasara. Mfano ni meli yetu ya Liemba. Mtaani utasikia kwamba Waingereza waliizamisha wakati wa vita. Makala ya Wikipedia itakuambia kwamba Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, ili isitekwe; kwamba iliibuliwa 1924, na ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Usiishie hapo. Teremka chini ya makala, kwenye orodha ya vyanzo, ufuate vile ambavyo waandishi walitegemea. Wikipedia ni mahali pa kupata majina, miaka na njia. Kwenye kazi ya shule utaje chanzo ulichokifikia.

Na hiyo AI?

Programu kama ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022, na yale majibu yaliyotungwa ambayo sasa Google yenyewe huyaweka juu ya orodha, ni kitu cha aina nyingine. Karani ana daftari na anakuonyesha gunia lilipo. Akili mnemba, yaani hiyo AI, imesomeshwa maandishi mengi mno, na inapojibu hutunga sentensi neno kwa neno kwa kukadiria lipi linafuata vizuri. Baadhi ya programu hizo hutafuta kwenye wavuti kwanza, kisha hutunga. Matokeo yanasomeka vizuri, mara nyingi ni sahihi, na mara nyingine ni uongo uliovaa suti.

Mwaka 2023 huko New York mawakili walipeleka mahakamani hoja zilizotaja kesi za zamani ambazo ChatGPT ilikuwa imewapa. Kesi hizo hazikuwahi kuwapo. Majina, tarehe, nukuu za majaji, vyote vilitungwa. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Kama mawakili wanapotea hivyo, mtoto wa Kidato cha Tatu anahitaji kanuni iliyo wazi, na yangu ni hii: chochote ilichokupa ukitaka kukiandika, nenda ukakikute kwenye ukurasa wenye mwandishi na tarehe. Ikikupa jina la kitabu, kitafute kitabu. Usipokikuta, usikiandike.

Siikatazi. Inafaa sana pale penye penseli na karatasi: kuuliza maneno mengine yenye maana hiyohiyo, kutafsiri istilahi, kueleza kwa lugha rahisi aya ngumu uliyoipata mwenyewe. Hatari yake kubwa kwa wanafunzi wetu ni kwamba inaandika Kiswahili na Kiingereza kizuri kuliko wao, nao wanadhani kuandika vizuri ni kujua.

Shule yenye kompyuta moja

Walimu wenzangu huniambia: sisi hatuna maabara, umeme unakatika, bando ni la mwalimu mwenyewe. Najua, nami niko hukohuko. Lakini sehemu kubwa ya niliyoyaeleza haihitaji mtandao. Karatasi ya mafungu manne hufanyika chini ya mwembe. Kupanga matokeo hufanyika ubaoni: naandika vichwa vya habari kumi nilivyovitoa nyumbani, pamoja na anwani zake, nawauliza wangefungua kipi kwanza na kwa nini. Ubishi unaotokea hapo ni somo zima. Wakati wa kompyuta ukifika, mmoja anaketi, arobaini wanamwamuru aandike nini, na bando linatumika dakika kumi badala ya saa mbili.

Kwa vyanzo vinavyopingana nawapa Ujiji. Stanley alikutana na Livingstone lini? Wote wanajua 1871, na jiwe la kumbukumbu wameliona. Kitabu cha Stanley kinasema Novemba 10. Shajara ya Livingstone inaweka jambo hilo mwezi Oktoba. Wanadai mmoja amesema uongo. Kisha tunazungumza juu ya watu wawili walioumwa homa porini kwa muda mrefu, wakihesabu siku kichwani na kwenye daftari zilizolowana, na darasa linatulia. Wanagundua kwamba swali lina hatua ya pili: nani aliandika, lini, na alijuaje. Nimeona mtoto ambaye hajawahi kushika kompyuta akiuliza swali hilo vizuri kuliko mwenye simu ya kisasa.

Binti wa Kibirizi aliandika upya kazi yake. Sasa ina kurasa tano, sangara wa Victoria ameondoka, magugumaji yameondoka, na mwisho kuna vyanzo sita alivyovisoma kweli. Ameniomba barua ya utambulisho aende kituo cha TAFIRI hapahapa Kigoma, taasisi ya utafiti wa uvuvi, akaulize kama wana takwimu za mialo ambazo hakuzipata mtandaoni. Nilipokuwa nikiiandika alibaki amesimama kando ya meza.

"Mwalimu, na babu? Aliniambia zamani walikuwa wanarudi alfajiri mtumbwi umejaa bila kufika mbali. Hilo nimeliandika, ila sijui namweka wapi kwenye vyanzo. Hana kiungo."

Nikamwambia aandike jina lake kamili, Kibirizi, na tarehe waliyozungumza.